KOMPYUTA YA MICHEZO NA MATANGAZO YA MUBASHARA: UUNDAJI WAKE KATIKA MAZINGIRA YA MOROGORO

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na ingawa marufuku hayo yaliondolewa baadaye, Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka mwaka 1994. (Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa miaka ishirini hivi, tena kwa picha za rangi.) Mtu wa makamo aliyekulia Morogoro anaukumbuka vizuri wakati huo. Mwanawe leo aweza kukaa chumbani Kihonda au Mazimbu, akacheza mpira wa miguu wa kompyuta, na watu wa Mwanza, Mombasa na Muscat wakamtazama wakati ule ule. Chumba kimoja kimekuwa kiwanja, studio na kituo cha kurushia matangazo.

Mtambo wa kazi hiyo ni ghali. Vijana hudunduliza fedha kwa miezi mingi, na kosa moja katika uchaguzi wa vifaa laweza kumaliza akiba yote. Kosa lililo la kawaida kuliko yote ni kuitumia karibu fedha yote katika kadi ya picha, kwa kuwa ndiyo isifiwayo madukani, kisha kugundua usiku wa kwanza kwamba mchezo unakwenda vizuri mbele ya mchezaji lakini watazamaji wanaona picha inayokatika-katika. Makala haya yanafuata njia ya kinyume. Yanaanza mwishoni, pale picha inapotoka nyumbani, na kurudi nyuma hadi kwenye vyuma vyenyewe.

KAZI MBILI KWA WAKATI MMOJA

Skrini ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani jumla ya nukta 2,073,600. Rangi ya kila nukta huelezwa kwa biti 24. Mchezo ukionyeshwa kwa picha 60 kila sekunde, habari zitokazo katika kadi ya picha hufikia biti 2,985,984,000 kwa sekunde, karibu gigabiti 3. Ni nyumba chache mno duniani ziwezazo kutuma habari nyingi kiasi hicho jinsi zilivyo.

Kwa hiyo kompyuta hulazimika kuibana picha. Huilinganisha picha moja na ile iliyoitangulia, huziacha sehemu zisizobadilika, na sehemu zilizosogea huzieleza kwa kutaja tu zimesogea wapi. Majani ya kiwanja cha mpira hubaki yalivyo. Mpira na wachezaji ndio waelezwao upya. Kanuni ya kubana iliyoenea zaidi katika matangazo ya namna hii, iitwayo H.264, iliidhinishwa mwaka 2003. Kwa kanuni hiyo zile gigabiti 3 huweza kushuka hadi megabiti 6, yaani sehemu moja kati ya 500. Mchezo wa mpira hustahimili mbano huo. Mchezo wa magari ya mashindano, au wa vita vya msituni ambamo kila jani hutikisika, haustahimili vizuri, kwa sababu hakuna sehemu iliyotulia. Hapo picha huingia ukungu.

Basi mtambo wa kurushia michezo una kazi mbili: kuichora picha, na papo hapo kuibana. Kubana kwaweza kufanywa na prosesa, au na sehemu maalumu iliyojengwa kwa kazi hiyo tu ndani ya kadi ya picha. Prosesa inayobeba mchezo pamoja na kubana hufanana na mpishi wa mgahawa wa Msamvu aliyeachiwa apike na apokee fedha saa ile mabasi yanapowasili: kila kazi aijua, lakini wateja watalalamika. Kadi nyingi za NVIDIA zina sehemu hiyo maalumu tangu mwaka 2012, na prosesa nyingi za Intel zilizo na uwezo wa picha ndani yake zinayo tangu mwaka 2011. Hata hivyo si kadi zote. Kadi iitwayo GeForce GT 1030 haina, na kadi mbili za Radeon zilizotoka mwaka 2022, RX 6400 na RX 6500 XT, nazo hazina, ijapokuwa zachora michezo vizuri kwa bei yake. Mnunuzi asiyelijua jambo hili hununua kadi mpya na kukuta kadi kuukuu ya jirani inarusha vizuri kuliko yake.

NJIA YA KUTOKEA

Mtandao una mwendo wa namna mbili, wa kushusha na wa kupandisha. Matangazo ya biashara husifu ule wa kushusha. Mrushaji wa michezo anautegemea ule wa kupandisha, ambao kwenye simu mara nyingi huwa mdogo zaidi. Yafaa upimwe kwa siku kadhaa, tena saa mbili usiku, wakati mji mzima unatumia mnara uleule, wala si saa nne asubuhi. Kipimo cha kufuata ni kile cha chini kilichopatikana. Matangazo yasichukue zaidi ya asilimia 70 ya kipimo hicho. Iwapo kupandisha hakushuki chini ya megabiti 4.5 kwa sekunde, matangazo yawekwe kwenye megabiti 3, ambazo zatosha picha ya nukta 1280 kwa 720, picha 30 kila sekunde. Kwa megabiti 6 mtu aweza kurusha nukta 1920 kwa 1080, picha 60 kila sekunde. Mtu mwenye njia ya megabiti 3 hana haja ya mtambo wa megabiti 6, na hapo ndipo akiba ya kwanza inapopatikana.

Hesabu ya kifurushi cha data nayo ifanywe mapema. Megabiti 3 kwa sekunde ni gigabaiti 1.35 kwa saa. Anayerusha saa tatu kila usiku kwa siku tano atatumia zaidi ya gigabaiti 20 kwa juma, mbali na data ya mchezo wenyewe na ya masahihisho ya michezo, ambayo siku hizi yaweza kufika makumi ya gigabaiti kwa mkupuo mmoja.

Milima ya Uluguru ina sehemu yake katika hesabu hii. Mawimbi ya simu za kizazi cha nne husafiri karibu katika mstari mnyoofu, na mgongo wa mlima ukikaa kati ya nyumba na mnara huacha kivuli nyuma yake kama ufanyavyo mbele ya jua. Kilele cha Bondwa, kilichobeba minara ya mawasiliano, kinaonekana wazi kutoka mjini. Lakini katika mabonde ya Mgeta na Matombo mtu hupata mawasiliano akiwa juu ya kilima na kuyapoteza akishuka mtoni. Kwa wakazi wa huko antena ya nje, iliyofungwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara, hufanya kazi kubwa kuliko prosesa ya bei yoyote. Mjini, palipofikiwa na waya wa nyuzi za kioo, waya huo uchukuliwe bila kusita. Na ndani ya nyumba kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo. Mawimbi ya ndani hupotea ukutani, hugongana na ya majirani, na hukatika kwa sehemu ya sekunde ambayo msomaji wa barua pepe haioni, bali mtazamaji wa mpira huiona.

Kuna pia suala la umbali, ambalo fedha haziwezi kuliondoa. Mwanga hupita katika nyuzi za kioo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Seva ya mchezo ikiwa mwisho wa kebo yenye urefu wa kilomita 10,000, ishara itachukua sehemu 50 za elfu za sekunde kwenda na 50 nyingine kurudi, kabla mashine zilizo njiani hazijaongeza zao. Katika mchezo wa kupigana sehemu hizo 100 ni tofauti kati ya kukinga ngumi na kupigwa. Kwa njia ya setilaiti za mbali, zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, safari ya kwenda na kurudi hukaribia nusu sekunde. Anayerusha tu hadhuriki, maana watazamaji hucheleweshwa wote sawa. Anayecheza dhidi ya wengine ameshashindwa. Ni kheri kuchagua seva zilizo Afrika Kusini pale mchezo unapozitoa. Nyaya za baharini nazo si za milele: Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja katika pwani ya kusini mashariki mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa.

VYUMA VYENYEWE

Baada ya kuijua njia, vyuma huchaguliwa kwa urahisi zaidi. Prosesa yenye viini sita yatosha. Kumbukumbu iwe gigabaiti 16, katika vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu vipande viwili hupitisha habari kwa njia mbili sambamba. Diski iwe ya aina isiyozunguka. Ile ya zamani ya kuzunguka yaweza kubaki kwa kuhifadhia rekodi.

Watu wengi hawaanzi na vifaa vipya. Hununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, aghalabu kutoka Kariakoo, kisha huiongezea kadi ya picha. Njia hii ni ya busara, lakini ina mtego unaofaa kuelezwa kirefu. Kompyuta za ofisi hutengenezwa zikiwa na pawa saplai ndogo, pengine ya Wati 240 tu, isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Mara nyingi pawa saplai hiyo ina umbo la pekee na plagi za pekee, hata haiwezekani kuitoa na kuweka ya kawaida ya dukani. Kasha nalo huwa jembamba, nusu ya upana wa kawaida, na kadi ndefu haiingii. Kwa mashine ya namna hiyo kadi ifaayo ni ile inayopata umeme wake wote kupitia bodi mama, ambapo kikomo ni Wati 75. Baadhi ya matoleo ya GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 ni ya aina hii, nayo yana sehemu ya kubania picha. Anayekusudia kununua achukue rula: apime urefu wa nafasi ndani ya kasha, asome maandishi yaliyobandikwa kwenye pawa saplai, ndipo atoe fedha. Kuna mafundi wanaounga nyaya za kadi kubwa kwenye nyaya za diski. Nyaya hizo hazikukusudiwa mzigo huo, huyeyuka.

UMEME

Mkoa wa Morogoro ndio wenye mabwawa ya Kidatu, ya megawati 204, na Kihansi, ya megawati 180, na bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, limejengwa katika mto Rufiji mpakani mwa mkoa huo na Pwani. Ujirani huo haukuuepusha mji na mgao wa umeme uliolikumba taifa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024. Aidha, nyumba iliyo mwisho wa laini hupata volti pungufu majirani wote wanapopika, na volti nyingi ghafla umeme unaporudi. Volti 230 ni za kwenye vitabu.

Tuseme mtambo mdogo: prosesa Wati 65, kadi 75, vifaa vingine vya ndani 50, skrini 25, ruta 10. Jumla ni Wati 225. Kwa saa nne kila siku matumizi ni yuniti 0.9, au yuniti 27 kwa mwezi. Kadi ikiwa ya Wati 170, mwezi hupanda hadi yuniti 38 na zaidi. Familia iliyo katika kundi la bei nafuu, lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, yaweza kutolewa katika kundi hilo kwa ajili ya mchezo wa kijana mmoja, na bei ya kila yuniti ikapanda kwa nyumba nzima. Jambo hili lizungumzwe na mlipaji wa LUKU kabla ya kununua.

Kati ya soketi na kompyuta kiwekwe chombo cha akiba ya umeme kiitwacho UPS. Kazi yake si kuendesha mchezo gizani. Betri yake ya kawaida, ya volti 12 na ampea-saa 9, ina Wati-saa 108, ambazo kwa hesabu ya karatasini zingeuendesha mtambo wa Wati 225 kwa karibu nusu saa. Lakini betri ya risasi ikinyonywa kwa haraka hutoa sehemu tu ya akiba yake, na dakika 10 ndizo za kutegemewa, zipunguazo kila mwaka. Zinatosha kuaga watazamaji na kuizima mashine kwa utaratibu. Ruta iunganishwe hapo hapo. Kompyuta iliyo hai yenye ruta iliyokufa hairushi kitu. UPS za bei ya chini hutoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hukataa umeme huo na kuzimika papo hapo. Jaribio ni rahisi: mchezo ukiwa unaendelea, plagi ya UPS ichomolewe ukutani, siku ambayo hakuna watazamaji.

Waya wa ardhini usidharauliwe. Soketi zenye matundu matatu zipo nyumba nyingi, lakini tundu la tatu pengine halikuunganishwa na kitu chochote. Dalili yake ni kasha la chuma linalouma kidogo linapoguswa. Fundi mwenye leseni aitwe. Na katika masika, ngurumo zinapoanza kushuka kutoka Lupanga, plagi zote zichomolewe, pamoja na waya wa antena iliyo juu ya paa, kwa kuwa radi ya karibu haizuiliwi na kifaa chochote cha dukani.

JOTO NA VUMBI

Wati 225 zinazoingia hutoka karibu zote zikiwa joto. Kipoza joto cha prosesa hakiwezi kuishusha chini ya hewa inayokizunguka. Chaweza tu kupunguza tofauti. Tuchukue kipoza ambacho prosesa ya Wati 65 hupanda juu ya hewa hiyo kwa nyuzi 45. Katika chumba cha nyuzi 20, kama cha watengenezaji wengi wa mifano ya vitabuni, prosesa itakuwa nyuzi 65. Katika chumba cha Morogoro mwezi Januari, chini ya bati, dirisha likiwa limefungwa ili kelele za nje zisiingie katika kipaza sauti, hewa yaweza kufika nyuzi 38. Kadi ya picha huongeza nyuzi 10 ndani ya kasha. Jumla ni 93. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 95 au 100 hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue, na mtazamaji huona picha zikirukaruka saa moja baada ya kuanza, ingawa mwanzoni zilikuwa shwari.

Fedha zilizotengwa kwa taa za rangi ndani ya kasha zinunue feni. Mbili ziingize hewa kwa mbele, moja iitoe nyuma. Hewa inayoingizwa ikizidi inayotolewa, vumbi halivutwi katika nyufa, na linaweza kunaswa mbele kwa kitambaa chepesi kinachofuliwa. Mashine iinuliwe kutoka sakafuni. Katika kiangazi, kuanzia Juni, isafishwe kila mwezi kwa brashi laini, mapanga ya feni yakiwa yameshikwa yasizunguke. Kati ya prosesa na kipoza hupakwa dawa ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya dengu. Dawa nyingi hupozesha vibaya zaidi. Anayeunganisha vifaa aguse kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi, maana cheche ya mwilini asiyoihisi yatosha kuua kumbukumbu.

MAJARIBIO

Programu itumikayo sana ni OBS Studio, iliyoanza mwaka 2012 na kutolewa bure hadi leo. Katika mipangilio yake chombo cha kubana kiwe kile cha kadi ya picha, mwendo wa biti uwe usiobadilika, na picha kamili itumwe kila baada ya sekunde 2, ili mtazamaji anayeingia asisubiri. Kabla ya siku ya kwanza mrushaji arekodi saa nzima kwenye diski, kisha arushe saa nyingine kwa faragha.

Programu hiyo huhesabu picha zilizopotea katika makundi matatu, nayo ndiyo humwonyesha fundi mahali pa ugonjwa. Picha zilizokosekana katika kuchora humaanisha kuwa kadi imeelemewa: ubora wa mchezo upunguzwe, au picha za mchezo ziwekewe kikomo cha 60 kwa sekunde. Zilizorukwa katika kubana humaanisha kuwa kazi imekabidhiwa prosesa isiyoweza, au joto limezidi. Zilizotupwa katika mtandao hazina dawa ndani ya kasha. Mwendo wa biti ushushwe. Wengi huona kundi la tatu likipanda na kwenda kununua kadi mpya.

Sauti haina budi kutangulizwa. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini hukimbia sauti inayokwaruza. Kipaza sauti cha bei nafuu kilicho shibiri moja kutoka mdomoni hushinda cha ghali kilicho mbali, na shuka zito lililotundikwa ukutani huua mwangwi. Muziki wa nyuma nao una wenyewe. Morogoro ni mji wa Mbaraka Mwinshehe na wa Salum Abdallah, na kishawishi cha kupiga nyimbo zao ni kikubwa. Lakini mitandao ya kurushia hutambua rekodi zenye hakimiliki na kunyamazisha kipindi kizima. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa mwaka 2018, kuandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, ziko chini ya TCRA, na mrushaji aulize huko kama kipindi chake chahitaji leseni.

Limebaki jambo linalowahusu wanaopanda na kushuka mlima. Mgeta usiku wa Julai ni baridi, na kompyuta iliyolala huko hupoa hadi ndani ya vyuma. Ikipakiwa alfajiri na kufunguliwa mjini mchana, unyevu wa hewa yenye joto hutua juu ya bodi mama kama utuavyo juu ya chupa ya soda ya baridi, bila kuonekana kwa nje. Mashine hiyo iachwe ndani ya maboksi yake kwa saa tatu au nne, ndipo ichomekwe.